Soma tiketi yako kabla basi halijatoka Kange

Msimu wa sikukuu pale stendi ya mabasi ya Kange, Tanga, kuna mchezo mmoja: unatoa hela nyingi kuliko nauli, tiketi inatoka na nauli halali. Mkaguzi wa LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, akipanda haoni kosa, na ukilalamika baadaye karatasi yako mwenyewe inakukana.

Safari moja ya Idi nilikaa nyuma ya mama mmoja mtu mzima. Alipopewa tiketi alivaa miwani, akaisoma, akamrudishia konda.

"Mwanangu, niandikie nilichokupa."

"Mama, mashine ndiyo imetoa hivyo."

"Haya, basi iliyozidi hapo nirudishie."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Kijana wa siti ya pembeni akanyoosha tiketi yake, mwingine naye, mpaka konda akashuka kuteta na wenzake, akarudi na hela za watu mkononi. Waliokaa kimya hakuwatafuta.

Kwa hiyo dai palepale stendi. Basi likishatoka mjini na kuipita Pongwe utaongea na nani? Nauli kikomo hupangwa na LATRA, iulize kabla ya kukata tiketi. Piga picha tiketi pamoja na namba ya gari, maana kulalamika bila namba ya gari ni kupiga soga. Lipo pia baraza la watumiaji, LATRA CCC, ambalo wengi wetu hatulijui kabisa.

Ila sipendi ile kauli ya "abiria pazeni sauti" inapogeuzwa kuwa kumtupia abiria kila kitu. Tajiri, yaani mwenye gari, ndiye anayempangia konda hesabu ya kumpelekea. Hesabu ikiwa kubwa mno, konda ataitafuta mifukoni mwetu, na hilo mama wa miwani hawezi kulirekebisha. Ni la mwenye gari, na la mdhibiti anayempa leseni.

Na sisi abiria tuna letu. Mabasi ya mikoani yana kifaa cha kufuatilia mwendo; dereva akizidisha kilomita 80 kwa saa, kinalia. Nimekisikia kikilia tukiwa tumeshaipita Segera, na waliopiga kelele ni abiria: "Kanyaga baba, tunachelewa!" Akakanyaga. Hao hao, wakishuka Dar, utawasikia wakisema madereva wa siku hizi hawana utu.

Siku hizi abiria wakianza kelele hizo, namwita konda taratibu, namwambia wengine humu hatuna haraka. Mara nyingi huenda mbele kumfikishia dereva.