Hajji asiombwe jukwaani

SWALI: Mama, salaam kutoka Arua. Mwaka jana niliajiriwa na chuo kikuu kimoja binafsi, ofisi ya wahitimu na wafadhili. Kazi yangu ni kutafuta watu wanaoweza kutoa kuanzia shilingi milioni 50. Yupo mzee mmoja, Hajji, malori yake yanakwenda Ariwara kule Kongo na Juba, na binti yake alisoma kwetu. Wakubwa wangu wanataka tumwalike mahafali ya mwezi ujao awe mgeni wa heshima, kisha nishike kipaza sauti nimwombe milioni 200 za ukumbi. Moyo wangu unasita. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, moyo wako umesita mahali pake. Usimwombe siku hiyo.

Sisi watu wa Uganda wote tumekulia kwenye vikao vya kuchangia harusi. Mshereheshaji anakutaja jina, unasimama, unatamka ahadi yako, watu wanapiga makofi. Kwa ng'ombe na mahema inafaa, kwa sababu kila mtu anatoa kidogo na kesho naye atachangiwa. Milioni 200 ni jambo jingine kabisa. Hajji atataka kuongea na mkewe na wanawe, aangalie mtaji wake umekwama wapi njiani, pengine amuulize na sheikh wake. Ukimbana mbele ya umati atataja kiasi chochote ili aibu imwondokee. Baada ya hapo utampigia simu na hapokei, na chuo kimempoteza rafiki. Ahadi za namna hiyo nimeziona zikilala kwenye mafaili miaka nenda rudi.

Mfuate dukani kwake, mikono mitupu, bila faili wala picha za ukumbi. Asubuhi anapakia malori, kwa hiyo nenda baada ya alasiri. Mpe habari za kitivo alichosoma binti yake, halafu muulize yeye mwenyewe alisoma wapi na aliishia wapi. Kisha nyamaza umsikilize.

Nilipokuwa nafanya kazi kama yako hapa Kampala, tulikuwa na mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi pale Kikuubo. Chuo kilitaka atujengee madarasa. Kila nikimtembelea alirudi kwenye habari moja: majengo yanayoporomoka mjini, na watu wanaolaumu nondo, nondo zile zile zinazotoka kwenye maduka kama lake. Jambo hilo lilimuuma kweli. Tukaacha madarasa, tukamwomba maabara ya kupima nguvu za nondo na zege. Hakuuliza maswali mengi, aliuliza tu ni nani ataitunza mitambo.

Kwa Hajji wako kuna jambo zaidi: jua anatoa kwa nia gani. Zaka ina makundi yake manane ya wanaostahili kuipokea, na wanazuoni wengi hawakubali ijengee ukumbi. Ila mwanafunzi maskini anaweza kuingia humo. Sadaka ina nafasi pana zaidi. Na akitaka wakfu, ambapo mali yenyewe inabaki na faida yake ndiyo inayotumika, furahi, lakini kwanza wakubwa wako waweke saini kwamba mtaji huo hautaguswa hata mishahara ikichelewa. Wasipokubali hilo, usimpelekee Hajji habari ya wakfu kabisa. Nakuomba hapa usilegeze.

Kuhusu kodi: sheria ya kodi ya mapato ya Uganda inamruhusu mtoaji kuondoa kwenye mapato yanayokatwa kodi msaada aliotoa kwa taasisi ya elimu iliyokubaliwa, usiozidi asilimia 5 ya mapato hayo. Mhasibu wenu athibitishe kwanza kama chuo kimekubaliwa na mamlaka ya mapato. Usimwahidi mzee unafuu usiokuwepo.

Siku ya kuomba ikifika, usiende peke yako. Makamu mkuu wa chuo aende, maana mzee wa heshima huombwa na mtu wa heshima, na kwa upande wake awepo mwana anayemwamini. Taja kiasi wazi na kazi yake wazi: milioni 200, kwa miaka mitatu, kwa jambo hili. Ukishasema, kaa kimya. Vijana wengi huharibia hapo. Kimya kinawatisha, wanaanza kupunguza kabla mzee hajafungua kinywa.

Mahafali je? Mwalikeni kama mzazi, mketisheni mbele, msimwombe kitu. Wakubwa wakikuuliza mbona mwezi unapita bila fedha, waoneshe daftari lako: tarehe uliyomtembelea, alichosema, hatua inayofuata. Waambie zawadi ya ukubwa huu huweza kuchukua mwaka, hata miwili. Na kabla ya shilingi ya kwanza kuingia, mhasibu afungue akaunti ya peke yake kwa kazi hiyo, ili Hajji akiuliza fedha zake zimefika wapi umpe jibu siku hiyo hiyo.