Kuucheza uwanja mgumu wa gofu wenye miti mingi

Mchezaji anayekwenda kwa mara ya kwanza katika uwanja mgumu wa gofu wa umma, wenye njia nyembamba zinazopita katikati ya miti mikubwa, mara nyingi hujiandaa kwa mazoezi ya kupiga mbali. Kwa uzoefu wangu, maandalizi hayo humsaidia kidogo sana. Katika viwanja vya aina hii kuna swali moja linalorudi kila shimo: mpira ukitua pale ninapokusudia, je, nitapata nafasi ya kupiga mkwaju unaofuata? Anayejiuliza hivyo kabla ya kuchomoa fimbo kwenye mfuko hupata matokeo ya kuridhisha hata siku ambayo mikono yake haijatulia.

Uamuzi wa kwanza ni wapi pa kuanzia. Kila uwanja una alama kadhaa za kuanzia, na kadi huonyesha umbali wa kila moja pamoja na kipimo cha ugumu, yaani slopu, ambacho huanzia 55 na kuishia 155, huku 113 ikihesabiwa kuwa ugumu wa kawaida. Mwenye handikapu (idadi ya mikwaju anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake) ya 20 akicheza mahali penye slopu ya 140 huongezewa takriban mikwaju 5, kabla ya marekebisho mengine, na ongezeko hilo halitolewi kwa huruma. Ninashauri hivi: ikiwa katika mashimo mengi yanayotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne utalazimika kutumia fimbo ndefu kuliko zote ili kuifikia griini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo na bendera, kwa mkwaju wa pili, sogea mbele. Hakuna aibu yoyote katika jambo hilo, na wachezaji walio nyuma yako watakushukuru.

Uwanja wa Bethpage Black, katika jimbo la New York nchini Marekani, ni mfano mzuri wa ninachokisema. Ni mali ya umma, ulifunguliwa mwaka 1936, na mahali pa kuanzia limewekwa bango linalowaonya wachezaji kwamba uwanja huo ni mgumu mno na unapendekezwa kwa wenye ustadi mkubwa tu. Mashindano ya US Open yalipofanyika hapo mwaka 2002, Tiger Woods alishinda akiwa mikwaju 3 chini ya kiwango, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa uwanjani hapo, na hakuna mwingine aliyemaliza chini ya kiwango. Ikiwa mabingwa wa dunia walitoka hapo na matokeo ya namna hiyo, mchezaji wa ridhaa hana sababu ya kujidai sawa kwa sawa na uwanja.

Ardhi ya viwanja vyenye miti mara nyingi hushika maji, kwa hiyo mpira hukwama karibu na pale ulipoangukia badala ya kuviringika, hasa asubuhi wakati umande haujakauka. Hesabu umbali wa hewani pekee, na ukisita kati ya fimbo mbili, chukua ile ndefu zaidi. Upepo nao hudanganya, kwa kuwa chini ya miti huusikii kabisa, lakini mpira ukishapita vilele hukutana nao mara moja. Mimi hutazama matawi ya juu kabla ya kuangalia bendera.

Sasa nije kwenye miti yenyewe, kwa sababu hapo ndipo mikwaju mingi hupotea. Ukiuona mpira ukiingia msituni na una shaka nao, tangaza kwa sauti kwamba unapiga mpira wa akiba, utakaoutumia ikiwa wa kwanza hautapatikana, kisha upige kabla hujaenda kutafuta. Muda wa kutafuta ni dakika 3 tu tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2019. Hapo awali zilikuwa 5. Ukiupata, usikimbilie kutazama upenyo unaoelekea griini. Chuchumaa kwanza uuangalie mpira: umekaa juu ya majani makavu, au umezama kwenye nyasi, au kuna mzizi umejificha sentimita chache mbele yake? Majani na vijiti vilivyoanguka unaruhusiwa kuviondoa, ila mpira ukisogea kwa sababu yako utaongezewa mkwaju mmoja na utaurudisha ulipokuwa. Tawi lililo hai usilivunje wala usilikunje ili kupata nafasi. Mzizi haukupi haki ya kusogeza mpira bila adhabu, na kuupiga kwa nguvu kunaweza kuumiza kifundo cha mkono kwa wiki kadhaa.

Mara nyingi jibu bora ni kutoka kwa pembeni. Chukua fimbo ya chuma ya namba 5 au 6, ishike chini kidogo, weka mpira nyuma kidogo ya katikati ya miguu na upige nusu ya mzunguko ili mpira utoke chinichini hadi kwenye feawei, yaani njia ya nyasi zilizokatwa inayoelekea griini. Pale ambapo hata hilo haliwezekani, tamka kwamba mpira hauchezeki. Kwa adhabu ya mkwaju mmoja unaweza kurudi ulikopigia mara ya mwisho, au kurudi nyuma kwenye mstari unaotoka shimoni ukipitia mpira ulipo, au kuudondosha kutoka usawa wa goti ndani ya urefu wa fimbo mbili bila kulikaribia shimo. Nimeona kadi nyingi zikiokolewa na adhabu hiyo moja iliyokubaliwa mapema.

Kuhusu bunka, yaani shimo la mchanga, sina mengi: toka kwanza, mambo ya kuikaribia bendera yafuate baadaye.

Uwanja wa umma huwa na wachezaji wengi, na mwendo wa kila kundi huwagusa wote. Kanuni zinapendekeza kila mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40 tangu zamu yako ifike. Ukifika kwenye griini, rekebisha shimo dogo lililoachwa na mpira wako kwa kusukuma nyasi za pembeni kuelekea katikati. Ukiinua udongo kutoka chini, mizizi hukatika na kovu hubaki muda mrefu.

Kwa raundi ya kwanza katika uwanja wa namna hii, ninapendelea wenzangu tukubaliane kuhesabu alama kwa mtindo wa Stableford, ambao hutoa pointi kwa kila shimo badala ya kujumlisha mikwaju yote, na uliotumika katika mashindano huko Wallasey, Uingereza, mwaka 1932. Shimo likikushinda kabisa unapata sifuri, unaokota mpira na kwenda shimo linalofuata, na kundi la nyuma halisubiri ukihesabu mkwaju wa tisa au wa kumi.