Kwa nini tungamo kubwa huongeza amplitudo kwenye resonansi

Ndugu, umeshangaa kwamba ulipoongeza tungamo kwenye springi na kuitafuta upya resonansi (pale unaposukuma kwa mdundo ule ule wa asili wa springi na tungamo lake), amplitudo (umbali wa juu kabisa kutoka katikati) ilikua. Vipimo vyako viko sawa. Wengi wetu tulidhani kitu kizito lazima kitikisike kidogo.

Kwenye resonansi, springi na tungamo hubatilishana. Kinachobaki kupambana na nguvu inayosukuma ni ukinzani tu, na ukinzani hufuata kasi. Kwa hiyo kasi ya juu kabisa ni F/b (F ni nguvu inayosukuma, b ni kiwango cha ukinzani), bila tungamo kuingia popote. Amplitudo ni kasi hiyo ukigawanya kwa ω, yaani mdundo wa mtetemo, √(k/m), ambapo k ni ugumu wa springi na m ni tungamo; na tungamo kubwa hupunguza ω.

Jaribu: F = 0.5 N, b = 0.5 kg/s, k = 100 N/m. Kilo 1 inatoa ω = 10 rad/s na amplitudo sentimita 10. Kilo 4 inatoa 5 rad/s na sentimita 20. Kasi zote mbili ni 1 m/s.

Ila angalia kitabu chako kinashikilia nini kisibadilike. Kikitumia γ = b/m na kuiacha γ isibadilike, amplitudo itapungua tungamo likiongezeka. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea.

Unapopima, usiwe na haraka: kwa kilo 4 mtetemo hutulia kwa kipimo cha muda cha 2m/b, yaani sekunde 16, hivyo subiri angalau dakika nzima. Springi ikivutwa kupita kiasi, fomula hizi hazifai tena. Na kama ni mashine halisi inayotikisika, izime kwanza, umwite fundi mitambo.