Mdogo wangu, usibadilishe mada ya memwari yako

Juzi mwanafunzi mmoja wa udaktari hapa Lubumbashi, anayeandaa memwari, yaani kazi ya kumaliza masomo, ameniandikia: "Yaya docta, nataka memwari yangu iwe juu ya nanopatikeli, zile chembe ndogo mno, zinazomwongoza daktari anapotoa saratani. Wananiambia nitafute mada ya huku kwetu. Nifanye nini?"

Nilicheka, halafu hasira ikanirudia. Maneno hayo niliambiwa mimi siku ya kutetea memwari yangu juu ya mada hiyohiyo, mama yangu amekaa mstari wa mbele na kitenge kipya. Mjumbe mmoja wa jopo alivua miwani, akaifuta kwa tai yake polepole, akauliza, akitaja mtaa wa hapa mjini: "Na hiyo mashine utaichomeka wapi, Katuba?" Ukumbi ukaangua kicheko. Memwari yenyewe hakuwa ameifungua.

Angeifungua angekutana na chembe za oksidi ya chuma. Kwenye saratani ya titi, daktari hutafuta kwapani tezi ya limfu inayopokea kwanza majimaji ya uvimbe. Ikiwa safi, zile nyingine huachwa, na hatari ya mama kubaki na mkono uliovimba inapungua sana. Njia iliyozoeleka ya kuitafuta ni teknesiamu 99m, dawa ya mionzi ambayo nguvu yake hushuka nusu kila saa 6. Agiza hiyo, halafu ndege ichelewe! Chembe za chuma hazina mionzi. Unazidunga kwenye titi, hata siku kadhaa kabla ya operesheni, zinasafiri hadi kwenye tezi, na kifaa cha sumaku kinalia ukiikaribia. Marekani waliziruhusu mwaka 2018. Kero zipo: ngozi inaweza kubaki na doa la kahawia, picha za MRI za titi hilo huvurugika, na kifaa kikiwa kazini vyombo vya chuma vinaondolewa, unashika vya plastiki. Hapo ndipo penye maswali ya maana, na hakuna aliyeyauliza.

Mwaka huu kongamano la wapasuaji limekubali kazi ileile. Ndiyo, najisifu.

Sasa ushauri. Anzia kwa mgonjwa wako: anapoteza nini leo? Usikimbilie chembe za silika zinazong'aa, zile za Chuo Kikuu cha Cornell zilizoruhusiwa kujaribiwa kwa binadamu mwaka 2011. Nazipenda sana, ila zinadai kamera maalumu. Soma fizikia ya sumaku. Jenga urafiki na watu wa maabara wanaokata tezi na kuisoma, kwa sababu kifaa kinakuonyesha tezi ilipo tu, kama ina saratani wanasema wao. Na fizikia, narudia! Vijana wetu wanapenda koti jeupe kuliko daftari, wanataka kuitwa docta kabla ya kujua kwa nini kifaa kinalia. Amkeni, jamani.

Mada usiibadilishe. Nitumie sura ya kwanza, pamoja na bei ya kifaa na ya dozi moja, maana hilo wataliuliza tu.