Kazi Bunia bila walinzi wenye bunduki: nikubali?

Dada, unauliza kama ukatae kazi ya shirika la misaada Bunia, mashariki mwa Kongo (DRC), kwa sababu magari yao hayana walinzi wenye silaha. Usikatae kwa hilo peke yake. Ile picha ya bunduki iliyokatwa kwa mstari mwekundu mlangoni mwa gari si pambo: askari akikaa kando yako, wanamgambo wanakuhesabu upande wake. Hata Umoja wa Mataifa huchukulia msindikizo wa silaha kuwa njia ya mwisho.

Ila kumbuka Kibumba, karibu na Goma, huko huko mashariki mwa Kongo. Tarehe 22 Februari 2021, magari mawili ya WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, yalitoka Goma kuelekea Rutshuru bila askari wa kuyasindikiza, kwa kuwa njia ilihesabiwa salama. Yakavamiwa. Waliuawa balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mustapha Milambo. Jina la dereva ndilo watu husahau, na linaniuma.

Kwa hiyo kabla hujasaini, uliza: nani hukagua njia, na aliikagua lini? Bima ya mfanyakazi mwenyeji inalingana na ya mfanyakazi mgeni? Na ukisema leo siendi, kazi yako inabaki? Hilo la mwisho waliandike kwenye mkataba.