Shingo Inayouma na Kinga ya Mwili: Majibu kwa Wasomaji wa Bukavu

Ninabeba magunia sokoni Kadutu kwa kamba ya kipajini. Kila jioni shingo inakakamaa, na jirani ananiambia kwamba ndani kumeoza. Je, ni kweli? (Mama wa Kadutu)

Mama, hakuna kilichooza. Kamba hiyo huilazimisha misuli ya shingo kukaza muda mrefu bila kupumzika, na misuli ikichoka hupata majeraha madogo yasiyoonekana kwa macho. Kinga ya mwili hutuma hapo seli nyeupe za damu, nazo hutoa kemikali zinazofanya neva zihisi maumivu upesi. Huo ndio mwako, na kwa hali yako ni kazi ya kutengeneza kilichoumia. Najua malipo yako hufuata uzito wa gunia, kwa hiyo sitakuambia uache kazi. Ila tua mzigo njiani kila inapowezekana, geuza kichwa taratibu kulia na kushoto, na jioni jikande kwa kitambaa cha maji ya moto. Mikono ikianza kufa ganzi au kukosa nguvu, nenda hospitalini.

Picha ya skana ilionyesha kwamba diski ya shingo yangu imepasuka, na daktari akasema mwili wangu unaishambulia. Kwa nini unishambulie, na kwa nini uchungu uko mkononi? (Mwalimu, Bagira)

Mwalimu, diski ni mto ulio kati ya mifupa ya shingo. Kiini chake hakina mishipa ya damu, na kwa kuwa kimefungiwa ndani ya pete ngumu tangu utotoni, seli za kinga hazijawahi kukutana nacho. Pete ikipasuka kiini kikatoka nje, seli hizo hukiona kuwa kitu kigeni, hukizunguka na kumwaga protini za kuamsha mwako, kama vile TNF na interleukini. Protini hizo huwasha mzizi wa neva unaopita hapo kuelekea mkononi, na ndiyo maana mkono unaweza kuuma sana hata pale neva haijabanwa sana.

Lakini kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi, nami ninatamani kila mmoja alisikie siku anayopewa picha yake: seli zile zile, hasa makrofaji, yaani seli nyeupe zinazomeza uchafu, ndizo zinazokila kipande kilichotoka. Picha zinazopigwa miezi kadhaa baadaye mara nyingi huonyesha kipande kimepungua au kimetoweka bila upasuaji, na vipande vilivyochomoka kabisa ndivyo hupungua zaidi. Basi usiharakie kisu, isipokuwa mkono unazidi kulegea, miguu inayumba au mkojo unakuponyoka. Hapo usingoje hata siku moja.

Vidonge vya deksametazoni vinanituliza upesi, nami ninavinunua bila karatasi ya daktari. Niendelee? (Dada, Panzi)

Hapana, dada yangu. Hata hivyo, ikiwa umevimeza kwa wiki nyingi, usiache ghafla, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo huwa zimezoea kutofanya kazi. Daktari akupunguzie kidogo kidogo. Dawa hiyo ya kuzima mwako hudhoofisha kinga ya mwili mzima, hupandisha sukari na presha, na inaweza kuamsha kifua kikuu kilichojificha, ugonjwa ambao nao huweza kuharibu mifupa ya shingo. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa nyingine za kupunguza maumivu na mwako, zinafaa kwa siku chache baada ya chakula, kwa asiye na vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo, wala zisichanganywe na deksametazoni.

Mwaka 2022, utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, uliripoti kwamba panya waliozimiwa mwako mapema waliumwa muda mrefu zaidi. Kwa binadamu ulichunguza maumivu ya kiuno, si ya shingo, na haujamaliza mjadala. Kwangu unatosha kunifanya nisite kuzima kila mwako unapoanza.

Nina miaka 26. Alfajiri shingo na kiuno hukakamaa zaidi ya saa moja, kisha hulegea nikifanya kazi. (Kijana, Ibanda)

Maumivu yanayopungua kwa kazi na kuzidi kwa kupumzika, yakidumu zaidi ya miezi 3 kwa mtu wa chini ya miaka 45, yanaweza kuonyesha kwamba kinga imegeukia viungo vya uti wa mgongo. Omba kipimo cha damu na picha ya nyonga, maana ugonjwa huo ukiachwa, mifupa huweza kuungana.

Mtoto mwenye homa akikakamaa shingo, nimkande? (Mama, Nguba)

Usimkande, mama. Huenda ni meninjitisi, yaani maambukizi ya utando unaozunguka ubongo, nayo huweza kuua kwa saa chache. Mpeleke hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.