Maswali ya wasomaji: nasaba za farasi wa mbio

Asalaam aleikum. Barazani kwetu Langoni tumebishana: ni kweli farasi wote wa mbio wa Uingereza wametokana na farasi wa Kiarabu? (Msomaji, Lamu)

Waaleikum salaam. Ni kweli ukihesabu kuumeni tu. Fuata baba, babu, baba wa babu, na kila farasi wa aina ya thorobredi, yaani hao wa mbio, atakufikisha kwa mmoja wa madume watatu walioletwa kutoka mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian au Godolphin Arabian. Darley Arabian alinunuliwa Aleppo akapelekwa Uingereza mwaka 1704. Leo takriban asilimia 95 ya madume ni wa ukoo wake, karibu wote kupitia Eclipse, aliyezaliwa mwaka 1764 siku jua lilipopatwa na hakuwahi kushindwa. Lakini ukihesabu damu yote, ya kukeni ikiwemo, Godolphin Arabian amechangia zaidi ya Darley. Wabishi wa baraza huwasahau kina mama.

Eti Secretariat alikuwa na moyo wa kilo 10. Hiyo si chumvi? (Msomaji, Malindi)

Ni makisio. Farasi huyo wa Marekani alipokufa mwaka 1989 kwa maradhi ya kwato, daktari Thomas Swerczek aliuona moyo wake lakini hakuuweka mizanini. Baadaye aliupima wa Sham, mpinzani wake wa mwaka 1973, akapata ratili 18. Ndipo akakisia kwamba wa Secretariat ulifika ratili 22, yaani kilo 10. Moyo wa kawaida wa farasi hawa ni kama kilo 4.

Kilichopimwa kweli ni mbio zenyewe: shindano la Belmont huko Marekani, maili moja na nusu kwa dakika 2 na sekunde 24, muda ambao haujavunjwa katika shindano hilo. Kuumeni alitoka kwa Bold Ruler, Nasrullah, kisha Nearco, farasi wa mfugaji Federico Tesio wa Italia, aliyekimbia mara 14 akashinda zote. Nearco huyohuyo ni babu wa Northern Dancer, dume mashuhuri wa Kanada, ambaye utotoni alitangazwa kwa dola 25,000 na hakuna aliyemtaka!

Dume langu hushinda mbio za punda za Maulidi. Nataka kumpandisha kwa binti yake ili ile kasi isipotee. Wafugaji wakubwa si ndivyo wafanyavyo? (Msomaji, Mkomani, Lamu)

Sivyo, bwana. Wao hurudia jina la babu au bibi mmoja katika nasaba, ila kwa mbali. Wakisema 3 kwa 4, maana yake mzee huyo mmoja yumo kizazi cha 3 upande wa baba na cha 4 upande wa mama. Hapo uwezekano wa mtoto kurithi nakala ileile ya jeni kutoka pande zote mbili ni kama asilimia 1.56. Baba kwa binti ni asilimia 25, mara 16 zaidi. Dume lako likiwa na jeni mbovu iliyojificha, ndipo huzuka vilema, mimba kuharibika na watoto dhaifu. Tesio mwenyewe, ili ampate Nearco, alimpeleka jike wake Nogara Ufaransa kwa dume la watu, Pharos.

Tafuta jike asiye ndugu, wa miaka 3 au zaidi, mwenye kwato nzima. Shida ya Lamu ni punda kuachwa wazurure, baba asijulikane. Kwa hiyo mfungie jike uani. Joto, yaani hamu ya dume, humrudia kila siku 23 au 24 na hudumu siku 6 hadi 9. Utamjua kwa kufungua na kufunga kinywa kana kwamba anatafuna, huku masikio ameyalaza nyuma. Mpelekee dume siku ya 3, kisha ruka siku moja moja mpaka amkatae, na asitoke uani kabla joto halijaisha, la sivyo dume jingine litakuharibia hesabu. Mimba ni miezi 12. Ikifika 13 usishtuke. Miezi 3 ya mwisho asibebe mawe wala mchanga.

Andika daftarini baba, mama, tarehe ya kupandishwa, rangi na alama za mtoto. Madume usiyoyahitaji yahasiwe na daktari wa mifugo, si kwa kisu cha nyumbani.